Mtoto wa Mama Maharage

Katika filamu hiyo mpishi wa shule anaitwa Mama Maharage, na jina hilo peke yake lilitosha kunifanya niketi vizuri. Ni filamu ya Kifaransa ya mwaka 1933, Zéro de conduite, kazi ya Jean Vigo, na haitimizi hata saa moja. Niliitazama kwenye simu ya mpwa wangu tukiwa barazani hapa Tabora, msimu wa maembe, kila baada ya muda embe likidondoka kwa kishindo juu ya bati la jirani. Mpwa wangu hakumaliza dakika kumi. "Mjomba, hii haina hata rangi," alisema, akaniachia simu akaenda zake. Nikabaki na wale watoto wa bweni, vitanda vyao vimepangwa safu mbili kama vyetu, chakula chao maharage jana na leo na kesho kama chetu, na kidonda nilichodhani kimepona kikaanza kuwasha.

Jina la filamu maana yake ni sifuri ya mwenendo, alama aliyopewa mtoto mtundu. Aliyeipata alizuiliwa shuleni Jumapili. Mkuu wa shule ni mtu mfupi mwenye ndevu nyingi, ambaye kofia yake huifunika kwa kioo kana kwamba ni kitu kitakatifu. Wavulana watatu, Caussat, Colin na Bruel, wanapanga kuasi, na baadaye wa nne, Tabard, anajiunga nao. Siku ya sherehe ya shule waheshimiwa wameketi mbele, na nyuma yao, mahali pa watu, pamepangwa safu za wanasesere. Watoto wanapanda juu ya paa na kuwarushia viatu vikuukuu, vitabu na makopo. Kisha wanapanda mteremko wa vigae kuelekea mbinguni, na filamu inaisha.

Vigo aliyajua aliyokuwa akiyaonyesha. Baba yake, mwanaharakati aliyejiita Miguel Almereyda, alikutwa amekufa gerezani mwaka 1917, na mtoto akapelekwa shule ya bweni kwa jina la kuazima ili asijulikane ni mwana wa nani. Filamu yake ilipigwa marufuku Ufaransa mara tu ilipotoka, na haikuachiwa mpaka Vita Kuu ya Pili ilipomalizika. Vigo alikuwa amekwisha kufa mwaka 1934, ana umri wa miaka 29.

Wengi wanaoikumbuka hukumbuka vita ya mito: manyoya yanajaa bwenini kama sufi iliyopasuka, watoto wanapita ndani yake taratibu kama maandamano ya harusi, na muziki wa Maurice Jaubert umerekodiwa kinyumenyume hata sikio halijui lishike wapi. Ni kweli, pale pana uzuri mkubwa. Lakini mimi naona filamu hii haijapewa heshima yake, na sababu ni kwamba watu huitazama kama hadithi ya utundu. Mahali penye uzito ni bwaloni.

Maharage yameletwa tena. Watoto wanaanza kupiga kelele dhidi ya Mama Maharage, sauti moja, wanamtukana kwa jina. Katikati yao ameketi Colin. Mama Maharage ni mama yake mzazi. Anainamisha kichwa, anauficha uso. Mmoja anamwona, kisha mwingine, na kelele zinakufa. Bwalo zima linanyamaza kwa ajili ya mtoto mmoja. Maharage bado ni mabaya, uasi bado uko palepale, na baadaye yatarushwa kweli. Lakini kwa muda ule watoto wamejua kwamba njaa yao ya haki ina uwezo wa kumchoma mtu asiyehusika, nao wamesita.

Nilisimamisha picha pale. Nikatazama kiza cha uwanja kwa muda mrefu.

Shule niliyosoma ilikuwa katika mkoa huu, na jina lake nitaliacha. Tulikula ugali wa dona na maharage siku sita za wiki, Jumapili wali. Maharage yenyewe yalikuwa yamebunguliwa. Ukiyamwaga katika sahani ya bati, wadudu weusi walielea juu ya mchuzi, na njuka wa kidato cha kwanza walifundishwa na kaka zao kuzima taa ya meza ili wale bila kuona. Kilichotuuma zaidi ni kwamba shule ilikuwa na shamba. Tulilima maharage sisi wenyewe, tukapalilia, tukayang'oa na kuyapura, na tukayaona yakipakiwa kwenye gari, meupe, mazima, yanang'aa. Yaliyorudi jikoni yalikuwa mengine.

Nilikuwa kidato cha tatu tulipoamua mgomo baridi. Hakuna jiwe, hakuna kioo kitakachovunjwa. Usiku huo tulipanga foleni kama kawaida, tukachukua sahani, tukapita mbele ya sufuria bila kusimama, tukaketi, tukazipindua kifudifudi mezani. Zaidi ya sahani mia tatu. Kishindo chake nakisikia mpaka leo, kisha kimya. Na mbele yetu alisimama mpishi, mzee wa Kinyamwezi tuliyemwita Babu, ambaye kila alfajiri alitusalimu "Wangaluka" kabla jua halijatoka. Alisimama na upawa mkononi, mchuzi ukichuruzika sakafuni. Sisi tulidhani tunamgomea mkuu wa shule. Mkuu wa shule hakuwepo. Aliyekuwepo ni Babu.

Hapa Tabora jambo la watu kukataa chakula kisichotosha lina umri mrefu kuliko shule yoyote. Nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye lile tembe linalotunzwa kama makumbusho kwa sababu Livingstone na Stanley walikaa hapo. Stanley aliondoka Machi 1872. Livingstone akabaki mpaka Agosti 25, zaidi ya miezi mitano, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Huwa nafikiria miezi hiyo kila nikipita pale. Mtu ambaye Ulaya nzima ilimtafuta ameketi kivulini Kwihara, hana la kufanya, kwa kuwa katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji hakuna kilichosogea pasipo mabega ya watu.

Nao wenye mabega walijua hivyo. Mpagazi alikuwa na haki ya posho, na kipimo cha posho kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia. Kiswahili kilichosafiri na misafara hiyo kilitofautisha vibaba viwili. Kibaba cha mfuto ni kile kinachosawazishwa juu kwa kiganja au kijiti, na kibaba cha tele ni kile kinachoachwa na kichuguu chake. Yule mwenye mkono wa kupima aliweza kuiba jasho la mtu kwa kupitisha kiganja tu. Posho ilipopunjwa, wapagazi waliitua mizigo, wakaketi juu yake, na msafara ukalala hapo hapo. Wengine waliondoka usiku. Wasafiri wa Kizungu wakaandika katika vitabu vyao kwamba watu hawa ni wavivu na wakorofi, na baadhi yao wakatumia mijeledi. Ukivisoma vitabu hivyo kwa jicho la mtu aliyewahi kula maharage yaliyobunguliwa, utaona kitu kingine.

Neno posho lenyewe halikufa. Ndugu zetu wa Uganda leo wakisema posho wanamaanisha ugali wenyewe, na mtoto wa bweni wa Kampala atakwambia amekula posho na maharage. Huko huko Kampala, katika Chuo cha Makerere, Agosti 1952, wanafunzi waligomea chakula cha bwalo. Abu Mayanja, mmoja wa walioongoza mgomo ule, alifukuzwa. Gavana wa Uganda, Andrew Cohen, akamsaidia kupata nafasi Cambridge. Sijui wangapi wetu, tukiwa na madaraka mkononi, tungeweza kumtazama kijana aliyetuaibisha na kuona ndani yake mtu wa kusomeshwa zaidi. Cohen alikuwa mtawala wa kikoloni, nami sina sababu ya kumremba, ila jambo hilo alilitenda.

Tabora tunajivunia shule moja. Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, wakitaka watawala wadogo wa kuwasaidia kutawala, na baadaye wakaingizwa watoto wa watu wengine. Fundikira alipita hapo, Kawawa alipita hapo. Mwaka 1937 aliingia kijana wa Kizanaki, Julius Nyerere, akakaa mpaka 1942. Hakuwa mtu wa michezo. Alisoma vitabu vya maktaba, alishiriki katika mijadala, na alipokutana na kitabu cha maskauti akasaidia kuanzisha kikundi chao. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa, kwa maelezo kwamba kijana huyu ni mpole mno.

Mpole mno. Nimeyabeba maneno hayo mawili kwa miaka, na kila nikiyageuza yana upande mpya. Yanatuambia kiranja alitakiwa awe mtu wa namna gani: mkali wa macho, mwenye uwezo wa kumwinamisha mwenzake. Lakini kamusi zetu bado zinatunza maana ya kale ya neno kiranja. Ni mtoto anayetangulia kutahiriwa jandoni. Yaani ndiye anayeketi mbele ya kisu kabla ya wenzake, ili wamwone na wapate moyo. Neno lililokuwa la anayetangulia kuumia tumelihamishia shuleni, na huko likawa la anayetangulia kupakuliwa. Katika shule yangu kiranja wa chakula alikula nyama ya chini ya sufuria. Sikumlaumu wakati ule. Nilitamani nafasi yake.

Na ndiyo maana Tabard ananigusa. Ni mvulana mwenye nywele ndefu, laini wa sura, ambaye wenzake wanamcheka kwamba ni kama msichana, na hawataki hata kumwingiza katika mpango wao. Mpole mno, wangesema Tabora. Halafu mwalimu mmoja anamshika mkono kwa namna isiyomstahili mtoto, na yule mpole anamjibu neno moja zito. Anapoletwa mbele ya mkuu wa shule aombe radhi, analirudia. Usiku ule ndiye anayesoma tangazo la uasi bwenini. Vigo hakumfanya shujaa yule mwenye misuli. Alimchukua aliyekuwa na ngozi nyembamba kuliko wote, kwa sababu ngozi nyembamba ndiyo inayohisi mapema.

Sasa nifike mahali pagumu, maana huwezi kumtaja Mwalimu Nyerere kwa utoto wake ukaishia hapo.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu walitakiwa kukaa kambini miezi kadhaa, kisha kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Waliona ni dhuluma, na walimwambia Rais kwamba viongozi wenyewe wanalipwa mishahara mikubwa. Mwalimu alikasirika hasira ambayo waliokuwepo hawakuisahau. Wanafunzi 393 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana wale walipokelewa tena mwaka uliofuata.

Nimebishana na watu juu ya siku hiyo kwenye baraza nyingi. Wapo wanaosema vijana walikuwa wameshiba, wanasomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba wa Nzega ambaye hajawahi kuona darasa, halafu wanakataa kumlipa hata miezi michache. Nakubali. Katika madai yao hawakuwa na haki. Lakini swali walilolileta, la nani anapima kibaba na kwa mkono gani, lilikuwa swali la haki kabisa, na ushahidi ni kwamba Mwalimu mwenyewe alilijibu palepale kutoka mfukoni mwake. Naona aliwajibu wote wawili, swali na waulizaji, na swali akalitendea vizuri zaidi. Yule kijana aliyenyimwa uongozi Tabora kwa sababu ya upole angeweza, nadhani, kuwabakiza chuoni. Nalisema hili nikiwa ninampenda.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, likatoka andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Watu hulikumbuka kwa majembe. Nililisoma tena mwaka huu, nikakuta jambo nililolipita nikiwa mwanafunzi: alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi za shamba la shule na kuamua faida yake itumikeje. Washiriki kuamua. Sisi tulipewa jembe, tukanyimwa daftari la hesabu. Laiti siku ile mtu mmoja tu angetuita kumi kati yetu, akatufungulia daftari, akasema gunia moja lilikwenda kwa dizeli ya mashine ya maji na jingine kwa chaki, nadhani tungekula wadudu wale kwa amani. Mtoto huvumilia mengi akiambiwa ukweli. Asichoweza kukivumilia ni kufanywa mjinga mbele ya sahani yake.

Aprili 2025 nilikuwa nafuatilia habari za wasichana wa shule ya Butere, Kenya. Walikuwa wamefika Nakuru kwenye tamasha la taifa na tamthilia yao, Echoes of War, inayowahusu vijana na watawala wao. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi na mwelekezi wao, Cleophas Malala, alizuiwa asiwafikie. Wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Hawakukubali kuigiza bila mtu aliyewafundisha. Nje yalirushwa mabomu ya machozi. Watu walizungumza sana kuhusu mabomu, na ilistahili. Mimi nilibaki na ule ukumbi, na mabinti wanaomwacha mtu mmoja asiyekuwepo aamue kama wataigiza au la. Ni kimya kilekile cha bwalo la Colin.

Mgomo wetu ulizaa kidogo. Wanne walirudishwa nyumbani kuleta wazazi. Mwezi uliofuata maharage yalikuja mazima kidogo, yenye ladha ya maharage. Kabla ya mwaka kwisha Babu hakuonekana tena jikoni, tukaambiwa amestaafu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Hilo ndilo linalonisumbua hata sasa, kuliko viboko na kuliko njaa. Tulikuwa na ujasiri wa kupindua sahani mia tatu. Hatukuwa na ujasiri wa kuuliza habari za mzee mmoja.

Lakini usiku ule wenyewe nimeushika mzima, nao nimewasimulia watu wachache.

Babu alisimama na upawa wake mpaka mchuzi ukaacha kuchuruzika. Kisha akauweka chini, akapangusa mikono kwa aproni, akaja mpaka meza yetu iliyokuwa karibu na jiko. Akaigeuza sahani moja. Ilikuwa yangu. Akarudi nayo kwenye sufuria, akajipakulia hadi ukingoni, kibaba cha tele, akaja akaketi kwenye benchi katikati yetu kama mwanafunzi. Akala. Alikula polepole, akimtoa mdudu mmoja mmoja kwa kidole gumba na kumpanga kwenye ukingo wa sahani. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nawahesabu, wakafika kumi na wanne. Mwalimu wa zamu alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, tochi mkononi, hajui aanze na nani.

Babu alipomaliza, akainuka na ile sahani, akaenda nayo mpaka mlangoni, akaisogeza chini ya mwanga wa tochi.

"Hawa hapa, Mwalimu," alisema.